Masta ya Kwaya Yetu

Mwaka 2002 kwaya yetu ya Masasi ilikwenda Dar es Salaam kurekodi kanda yake ya kwanza, na safari ile ililipwa na korosho. Kila familia pale kanisani ilitoa ilichojaaliwa. Wapo waliotoa gunia zima, na alikuwepo mjane aliyeleta kilo mbili. Mama mweka hazina aliandika yote kwenye daftari. Wachuuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa kipimo kisicho rasmi, walipiga hodi kwake kila kukicha, wakijua tuna haraka, naye aliwakatalia mpaka akapatikana mnunuzi mwenye mizani.

Ilikuwa masika na Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilikuwa bado halijafunguliwa. Waliopita Somanga kwenda kivuko cha Ndundu miaka ile wanalijua lile tope. Wanaume walishuka kusukuma basi wakiitikiana kwa sauti, hata tulipofika mjini besi zote zilikuwa zimekauka koo. Mimi nilikuwa binti wa sauti ya pili, na Rufiji nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai. Kila tukitaka kuanza, fundi mitambo anazima feni isisikike kwenye wimbo. Tuliimba jasho likitutiririka, umeme ukikatika tunaanza upya. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyofurahi kwenye jukwaa lolote nililopanda baadaye.

Tulipomaliza akaja msambazaji. Alisikiliza nyimbo mbili tu, akaweka bahasha mezani. Alitaka tumwachie masta, yaani rekodi mama inayotolewa nakala zote: kanda atatoa yeye, atauza nchi nzima yeye, na sisi hesabu yetu inaishia kwenye ile bahasha. Mwalimu wetu wa kwaya aliitazama kwa hamu, maana kinanda kilikuwa na deni. Mama mweka hazina akauliza kanda zikiisha na nyingine zikitolewa, kwaya itapata nini.

"Mama, hapa mjini kwaya zote zinafanya hivi," akajibu yule bwana. "Kwani nyie mnataka Neno lifike au mnataka biashara?"

Wengi wetu tuliinamisha vichwa. Mama akalitoa daftari kwenye mkoba, akalifungua, akawa anapitisha kidole kwenye majina. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ngozi imebabuka kwa mafuta ya maganda, kwa kuwa alikuwa akibangua korosho miaka yote.

"Neno litafika, baba. Ila nyimbo hizi zina wenyewe, na wenyewe ni hawa. Mimi nimetumwa tu."

Bwana yule akachukua bahasha yake, akaondoka. Njiani kurudi, mwalimu hakumsemesha mama mpaka tulipofika Nangurukuru.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwepo tayari, lakini kati yetu hakuna aliyekuwa ameisikia. Nimeimba peke yangu miaka mingi tangu hapo, na nawafahamu waimbaji wa Injili ambao nyimbo zao zililia redioni na kwenye mabasi huku wenyewe wakichangiwa nauli ya kwenda hospitali. Hilo linaniuma hadi leo. Mimi mkataba ukiletwa, naanza na kipengele cha masta, na mengine yanafuata.

Masasi tulirudufu kanda kwa redio ya mikanda miwili, moja baada ya nyingine, kazi ya kuchosha kweli. Kabla hatujauza hata moja, mama alisimama kanisani Jumapili akasoma daftari lote, jina kwa jina, na kila familia ikapita mbele kuchukua kanda yake. Yule mjane wa kilo mbili hakuwa na redio. Alikwenda kuisikilizia kwa jirani yake, Mwislamu, na jioni ileile jirani akamtuma mtoto kwetu na pesa, anataka ya kwake.