Waleti ya kripto: kila mtu alinishauri, nikafanya vyangu

Nianze na binamu yangu wa Nairobi maana yeye ndo alonitia hasira zaidi. Kusikia tu nataka hadiwea waleti, kile kifaa kidogo cha kuwekea funguo za kripto, pesa za mtandaoni kama Bitcoin, akanambia yale maneno 24 ya siri yanayofungua pesa zako niyapige picha nijitumie WhatsApp, "utayapata popote." Popote na yeyote! Kifaa kizima wakinunua ili siri isiguse intaneti, halafu wewe mwenyewe waibeba waipeleka huko kwa mkono wako, wapi na wapi. Mwengine akasema niende saiba pale Digo Road wanilaminetie karatasi. Yani kijana wa saiba ashike karatasi yenye funguo za pesa zangu, aitie kwa mashini, na kamera iko juu ya kichwa chake. Asante sana.

Na kuna huyu wa tatu alokuwa akiuza moja Mwembe Tayari kwa nusu bei. Nilienda, nusu bei ni nusu bei jamani. Boksi safi, plastiki imekazwa juu, ndani kuna kikadi, maneno yote 24 yameshachapishwa na PIN chini yake. "Nishakusetia bro, wewe watia pesa tu." Nikamuuliza, haya maneno nani mwengine anayo? Akasema kampuni. Nikacheka mpaka muuza kahawa akageuka. Waleti ya kweli hubuni maneno yenyewe siku ya kwanza ukiiwasha, yaja kwa skrini yake mbele ya macho yako, na makaratasi ya ndani ya boksi huwa matupu, wewe ndo wajaza. Ukikuta yashaandikwa jua kuna mtu ana nakala, amekaa zake asubiri utie pesa azizoe. Nikamrudishia boksi lake nikaagiza kahawa.

Basi nikanunua kwa watengenezaji wenyewe, Ledger Nano S Plus, elfu kumi na kitu, na usafirishaji na ushuru juu ukifika wajikuna kichwa. Nikatumia sanduku la posta la kazini, si nyumbani. Mwaka 2020 data za wateja wao ziliibwa, majina na anwani za watu, na baadaye kuna walotumiwa vifaa feki kwa posta wakaambiwa ni vipya wahamishie pesa. Kifaa chenyewe hakikuvunjwa, orodha ya wateja ndo ilovuja, lakini kwa nini mtu ajue nyumba yangu?

Kuiseti hakuna maneno, skrini yakuelekeza. Kazi ni kuhifadhi yale maneno. Karatasi kwa hewa ya Mombasa mwajua wenyewe, cheti changu cha kuzaliwa chenyewe sasa ni kama mkate wa mofa. Nikataka chuma. Sasa kuna mtu mjanja aliyatunga hayo maneno: orodha nzima ina maneno 2048 ya Kiingereza, na herufi nne za mwanzo zatosha kujua ni neno gani, hakuna mawili yalofanana hapo. Kwa hivyo hugongi neno zima. Nikaenda duka la vyuma nikanunua washa za stenlesi, vile vipete bapa vya kuvisha bolti, zile za 316 wanazotumia watu wa maboti, hazili kutu kwa chumvi, na seti ya vyuma vya kugongea herufi na namba, elfu mbili na ushee. Fundi mmoja jua kali akaniazima kipande cha reli cha kugongea juu. Alitaka anigongee mwenyewe, akaona namfanyia ubahili. Babu weee, hapo hagongi mtu!

Nikapanda juu ya nyumba. Stenlesi ni ngumu, wapiga mara moja kwa nguvu, ukirudia herufi yatoka pacha. Nikajifunzia kwanza kwa maneno ya uongo, PWEZ, KAIM, MBAA, mpaka nikawa na mlo mzima wa washa. Jirani akapiga kelele kuuliza natengeneza nini, nikamwambia kitasa. Upande mmoja namba ya neno, upande wa pili herufi nne, zote nikazivisha kwa bolti moja nikakaza nati. Ikiungua nyumba hilo labaki.

Halafu ndo raha yenyewe. Nilitia pesa kidogo kwanza, Bitcoin ya kama elfu tatu, na elfu moja ndani ilikuwa ya ami yangu, anauza leso Biashara Street na hamuamini mtu. Nikamkalisha, nikaweka PIN ya uongo. Mara ya pili. Akauliza, "Mwanangu, yasemaje hiyo?" Nikamwambia yasema ukikosea mara ya tatu inajifuta. Nikakosea ya tatu. Ikajifuta! Ami akasimama, kofia mkononi. "Wewe una wazimu? Elfu yangu?"

"Ami, tulia, kaa."

Nikafungua bolti, nikachagua PIN mpya, nikaanza kuingiza herufi kwa vile vibonye viwili, polepole sana, washa moja baada ya nyengine, ami aniangalia kama mtu amuonaye mwizi wake. Neno la 24 likakubali, nikafungua akaunti, elfu tatu hiyo hapo. Pesa hazikai ndani ya kifaa, zimeandikwa kwenye blokcheni, yani daftari la wote huko mtandaoni, maneno ndo ufunguo. Ami akauliza kama aweza kuirudia tena, sasa amependa. Karatasi nilokuwa nimeyaandika maneno mwanzo nikaichoma hapo hapo, na pesa kubwa nikatoa siku hiyo hiyo kwa ekschenji, yani soko la kripto la mtandaoni, maana tangu FTX, soko kubwa la aina hiyo, ianguke Novemba 2022 nilikuwa silali vizuri.

Ukituma, soma adresi ya unayemtumia kwenye skrini ya waleti, yote, si ya kompyuta, kuna virusi hubadilisha adresi ulokopi bila wewe kujua. Na akikupigia mtu wa "msaada kwa wateja" akiuliza maneno yako mkatie, kampuni ya kweli haiulizi.

Binamu sasa anashauri nigawe washa, 12 kwa mama 12 kwangu. Nusu moja ikipotea zote zimekwenda, sitaki. Nimegonga bolti ya pili kamili, iko kwa dadangu na nimemueleza ni kitu gani nikifa. Sisemi akaa mji gani, nawajua nyinyi.