Barua ya mapendekezo: mhadhiri hawezi kuandika asichokikumbuka

Kuna barua mbili ambazo waombaji wa skolashipu huzichanganya. Barua ya utambulisho hutolewa na ofisi: inasema fulani, mwenye namba ya usajili hii, alisoma hapa kuanzia mwaka huu hadi huu. Barua ya mapendekezo huandikwa na mtu aliyekufundisha, kwa saini yake, akieleza alichokiona kwako. Ukigonga mlango wa mhadhiri ukasema "naomba barua" basi, usishangae ukipewa ile ya kwanza, nayo kwa kamati ya udahili ya Edinburgh au Bonn haina uzito wowote.

Tuanze na nani wa kumwomba, maana hapa ndipo wengi hupotea. Watu hukimbilia cheo: mkuu wa idara, profesa ambaye jina lake linajulikana. Lakini kama ulikaa darasani kwake na wenzako 300, ukapata A, anachojua kuhusu wewe ni ile A tu. Tena huenda hata hakuiona sura yako, kwa sababu karatasi za mtihani huandikwa namba, si jina. Barua yake itakuwa aya mbili za "ana bidii na nidhamu". Aliyesimamia tasnifu yako ya mwaka wa mwisho, hata kama ni mhadhiri wa kawaida, alisoma rasimu zako mara tatu au nne, alikuona ukikosea, alikuona ukirekebisha. Huyo ndiye wa kwanza. Wa pili awe aliyekufundisha kozi mbili au zaidi, au aliyekusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo. Kama anayekujua kweli ni mhadhiri msaidizi aliyeendesha semina, mwombe amwandikie profesa wa kozi yale aliyoyaona, ili profesa ayaweke kwenye barua yake.

Idadi inategemea unakoomba. Vyuo vingi vya Marekani hutaka barua tatu kwa shahada za juu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hutaka mbili, na kwa misimu ya karibuni huziomba kwa walioitwa kwenye usaili, kwa hiyo mhadhiri mpe taarifa mapema, asije akashtukizwa miezi kadhaa baadaye. Programu nyingi za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, zina fomu yao ya mapendekezo, unayoipata ndani ya mfumo wao baada ya kujisajili.

Muda: wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho ni vizuri, nne ni sawa, mbili ni kumtesa mtu. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari, na mwenye kusimamia wanafunzi 15 huombwa barua na nusu yao kwa wakati mmoja. Ukitangulia, unakuta bado ana nguvu.

Ombi la kwanza liwe fupi. Kama uko mjini, nenda ofisini; kama uko mbali, barua pepe, si sauti ya WhatsApp ya dakika tatu. Mfano:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni Fulani, ulinisimamia tasnifu ya maji ya visima mwaka 2022. Naomba ufadhili wa shahada ya uzamili na ninahitaji wadhamini wawili. Tarehe ya mwisho ni 1 Desemba. Je, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua ya mapendekezo yenye uzito? Kama majukumu ni mengi, au unaona mwingine atafaa zaidi, nitaelewa kabisa. Ukiridhia, nitakutumia nyaraka zote leo hii."

Swali la "vya kutosha" limewekwa makusudi. Linampa mlango wa kutokea. Kwa adabu zetu mkubwa hatakwambia "hapana" usoni. Atasema "tutaona" au "nikumbushe wiki ijayo". Ukisikia "tutaona" mara mbili, hesabu umekataliwa, shukuru, tafuta mwingine. Bora hivyo kuliko barua baridi, kwa sababu msomaji wa kamati anaijua barua baridi kwa mstari wa kwanza. Na ukiandika, angalia cheo: aliyepandishwa kuwa profesa mwaka jana ukimwita dokta, umeanza vibaya.

Akikubali, kazi inarudi kwako. Mtumie faili moja tu ya PDF, isiyozidi MB 2, maana ataifungua kwenye simu. Ndani yake: picha yako ndogo ya pasipoti (atakukumbuka kwa sura kabla ya jina), transkripti, wasifu wa kurasa mbili, ikisiri ya tasnifu, rasimu ya barua yako ya kuelezea nia, na jedwali la vyuo unavyoomba, kila kimoja na tarehe yake ya mwisho na njia ya kutuma. Kisha ukurasa mmoja muhimu kuliko yote: mambo matano au sita aliyoyashuhudia mwenyewe.

Usiandike "mimi ni mchapakazi". Andika hivi: "Sura ya tatu uliirudisha kwa sababu sampuli zilikuwa 18 tu. Nilirudi uwandani siku nne, nikafikisha 40, na matokeo ya chumvi yakabadilika." Akiisoma hiyo atakumbuka, na sentensi itakayotoka kwake itakuwa yake. Kwa kuwa barua yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, ukurasa huu nao uandike kwa Kiingereza, umpunguzie kazi ya kutafsiri.

Jambo moja ambalo waombaji kutoka Tanzania hulisahau: GPA yetu, yaani wastani wa alama, ni ya mizani ya 5. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu huanzia 3.5. Kwa aliyezoea mizani ya 4, hiyo 4.4 yako ni kitendawili, na 3.6 anaweza kuisoma kana kwamba ni kati ya 4. Mwombe mhadhiri aeleze mizani, na kama anaweza, ataje nafasi yako darasani: kati ya wanafunzi 85, miongoni mwa 10 wa juu. Takwimu hiyo aitoe yeye kwenye kumbukumbu zake, usimtungie.

Sasa lile linalojulikana na wote: "Andika mwenyewe, ulete nisaini." Ni kawaida, na si kila anayesema hivyo ni mvivu, wengine wamezidiwa kweli. Lakini barua uliyoiandika mwenyewe ina harufu yako. Ukiwaandikia wadhamini wawili, zote mbili zitafanana na barua yako ya nia, maneno yale yale, koma zile zile. Programu nyingi zinakataza waziwazi. Jibu kwa upole: "Profesa, wanataka maneno yako mwenyewe. Naomba nikuletee dondoo, wewe uzipange." Ule ukurasa wa mambo sita ndio dondoo zenyewe.

Mifumo mingi ya maombi humtumia mdhamini, yaani mwandishi wa barua, kiungo cha kuipakia moja kwa moja. Weka anwani yake ya chuo, inayoishia na .ac.tz au .ac.ke, ya Gmail huleta maswali. Siku hiyo hiyo mjulishe kiungo kimetumwa, aangalie na folda ya barua taka. Usithubutu kumfungulia anwani bandia ukajipakilia mwenyewe. Ni udanganyifu, na ukigundulika ombi lote linakufa. Fomu za Marekani zitakuuliza kama unaacha haki yako ya kuiona barua, haki iliyowekwa na FERPA, sheria ya Marekani ya 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Kubali kuiacha. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminiwa kidogo.

Majina nayo yafanane. Pasipoti ikisema majina matatu, transkripti mawili, na mhadhiri akaandika lile la utani la chuoni, kuna atakayejiuliza hawa ni watu wangapi. Barua iwe na tarehe, saini, na kichwa cha chuo juu.

Kumbusha mara mbili: wiki mbili kabla, na siku tatu kabla, mstari mmoja tu. Usiitegemee saa ya Marekani: 11:59 usiku ya New York mwezi Desemba ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi kwetu, lakini mhadhiri mpe tarehe iliyo siku tano kabla ya hiyo. Tarehe hiyo uliyompa ikipita na mfumo bado unaonyesha "haijapokelewa", mpigie. Asipopokea, mifumo mingi inakuruhusu kubadilisha mdhamini kabla ya kufunga, kwa hiyo jina la tatu uwe umeshazungumza nalo tangu wiki ya kwanza.