Nilivyomaliza foleni ya bafuni katika nyumba ya mabinti 34

Kazi ya kupanga upya vyumba ilikuwa Ohio, Marekani, kwenye nyumba ya chama cha wanafunzi wa kike, vile vyama vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Ilijengwa kwa watu 20, wamekuwa 34. Walitaka vyumba vya kulala darini. Nikakataa: ngazi ni moja tu, moto ukizuka hakuna pa kutokea.

Nikaomba kwanza nifike saa moja asubuhi, siku ya masomo. Haikupita nusu saa, pap! Giza. Binti mmoja akashuka na taulo kichwani kurudisha breka (swichi inayokata umeme mzigo ukizidi), kwa mazoea kabisa. Laini ya umeme ya ampea 15 kwa volti 120 hubeba wati 1,800, na draya moja ya nywele inakula 1,500. Wao waliwasha tatu!

Stoo ya ghorofani tukaigeuza chumba cha kujipamba: vioo sita, kila draya na laini yake ya ampea 20. Bafuni pakabaki pa kuoga tu, choo tukakipa mlango wake. Kumbe waliokuwa wakiziba bafu hawakuwa wanaoga, walikuwa wanatengeneza nywele.

Vitanda vya ziada viliingia sebule ya pili, ambayo haikuwa na mtumiaji. Sasa wanalalamikia jiko.