Kura niliyompa aliyenizikia mume

Mume wangu alizama mwaka 2008, usiku wa giza, upepo ulipoupiga mtumbwi wao wa dagaa. Siku mbili hatukumpata. Aliyetoa mtumbwi wenye injini, akatia mafuta yake na kuzunguka ziwani hadi mwili ukaonekana, ni jirani yetu ninayemwita shemeji kwa kuwa walikua pamoja na marehemu. Mbao za jeneza alileta yeye. Akalala nje chini ya turubai mpaka matanga yakaanuliwa.

Basi Oktoba 2009, alipogombea uenyekiti wa kijiji, sikusikiliza kampeni ya mtu mwingine yeyote. Mshindani wake alikuwa mwalimu mstaafu, mkali wa hesabu, ambaye msibani kwangu alitoa elfu moja na kusimama hapohapo mpaka iandikwe daftarini. Nilimpa kura shemeji, tena niliwazungukia wanawake wenzangu wa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhushia dagaa, kumwombea kura zao. Alishinda kwa mbali.

Ahadi yake kubwa ilikuwa chanja za kuanikia dagaa. Sisi wachuuzi tunanunua dagaa wabichi alfajiri, kwa ndoo, na wakati ule tuliwaanika juu ya mchanga. Dagaa wa hivyo hukauka na mchanga wake, na mvua ikiwakuta chini hubadilika rangi na kunuka, ukaishia kuwauza kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kulia. Dagaa wa chanja, yaani wavu uliotandazwa juu ya nguzo usawa wa kiuno, hupata hewa juu na chini. Mnunuzi wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, akitia mkono kwenye gunia anawajua palepale. Kwa hiyo tulikubali kwa furaha kuchanga shilingi 200 kwa kila ndoo, fedha ikae kijijini, zijengwe chanja na choo cha mwaloni.

Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Hatukuona hata nguzo moja.

Mwaka 2010 watu wa Mwanza mjini walibadilisha wabunge wao, majimbo ya Nyamagana na Ilemela yakaenda upinzani, na kila aliyetoka mjini alikuja akisifia nguvu ya kura. Niliwasikiliza kwa uchungu. Mbunge hukutani naye kisimani. Mwenyekiti wangu nilikuwa nakutana naye kila asubuhi, ananiuliza watoto wameamkaje, na kila akiniuliza nilikuwa nauona mtumbwi wake ukirudi na mwili wa mume wangu. Ungemwuliza nini mtu kama huyo?

Aliyenifungua alikuwa mwanangu wa darasa la sita, aliyekuwa akisoma Uraia kwa sauti karibu na taa. Alisoma kwamba mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, ndio wenye madaraka ya juu kijijini. Nikamwambia arudie. Kesho yake nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akanithibitishia, akaongeza kuwa mkutano huo hutakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi husomwa hapo. Nikamwuliza mbona hatujasomewa. Akasema mikutano huitishwa, watu hawafiki.

Nilirudi nikihesabu siku, nikaona sababu. Mikutano iliitishwa wakati wa giza, yaani siku ambazo usiku hauna mwezi. Dagaa hufuata taa, kwa hiyo giza ndiyo kazi: wanaume wako majini usiku kucha, sisi tunaanika mchana kutwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivutii dagaa, mitumbwi inapumzika na kijiji kizima kipo. Sijui kama ilipangwa hivyo makusudi, na sitamsingizia. Lakini hitaji letu la kwanza lilikuwa hilo tu: mkutano uwe wakati wa mbalamwezi.

La pili tulilifanya wenyewe. Wanawake kumi na mmoja tulinunua madaftari, kila mmoja akaandika ndoo zake na alichochanga. Asiyejua kuandika alichora vijiti. Baada ya miezi sita tulijumlisha: ndoo 2,063, shilingi 412,600. Hizo ni zetu kumi na mmoja tu, na mwaloni tulikuwa zaidi ya hamsini.

Mkutano wa mbalamwezi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye mizizi ya mwembe. Miguu ilinitetemeka. Nilimwamkia shemeji mbele ya watu, nikasoma daftari, nikamwomba naye asome lake. Hakugombana. Alisimama muda mrefu, kisha akataja majina ya marehemu. Mafuta ya kumtafuta fulani aliyezama. Mbao za fulani. Sukari na mchele wa matanga ya kwa fulani. Mchango wa chanja ulikuwa umekwenda misibani, na sehemu iliyobaki hakuweza kuieleza.

Nililia, na sioni aibu kusema. Ukarimu ule nilioupigia kura, alipokuwa mwenyekiti aliuendeleza kwa fedha yetu, bila kutuuliza. Na waliokuwa wamekaa pale nusu yao walikuwa wamezikiwa nayo. Mzee mmoja alisema asamehewe, yaishe. Nikasema msamaha nimempa, ila daftari lisomwe kila mkutano, na misiba iwe na mfuko wake mbali na chanja. Likapita kwa mikono. Chanja za kwanza sita zilisimama kabla ya mwaka kuisha.

Uchaguzi wa 14 Desemba 2014 aligombea tena. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikwenda kwake, kwa kuwa sikutaka asikie kwa watu. Nikamwambia, “Shemeji, kesho sikupi kura. Nampa mwalimu.” Akaniuliza kama nimesahau. Nikamwambia sijasahau na sitasahau. Alinitolea kiti, tukakaa bila maneno mpaka chai ikapoa.

Alishindwa kwa kura chache. Miezi kadhaa hatukusalimiana vizuri.

Mama yake alipofariki 2016, nilikwenda na debe la dagaa nikakaa jikoni kwao siku tatu. Mafuta ya mtumbwi ulioleta ndugu zao kutoka ng’ambo yalitoka kwenye mfuko wa misiba, yakaandikwa. Siku ya nne alinisindikiza hadi mwaloni. Alitazama ufukwe, akaniuliza chanja zimefika ngapi.

“Arobaini na mbili,” nikamjibu, tukaanza kuzihesabu pamoja kuanzia upande wa choo.