Papai bichi, mishikaki, na kilichomo ndani ya seli zetu

Hivi karibuni nilisaga papai bichi pamoja na tangawizi, nikaipaka nyama ya ng'ombe niliyokusudia kuichoma mishikaki, kisha nikaisahau hadi asubuhi. Nilichokikuta bakulini kilikataa hata kushika kijiti, maana juu kote kilikuwa kimelegea mithili ya uji mzito. Mama mkubwa alicheka sana, akasema kwamba saa moja ingetosha.

Utomvu mweupe wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho chenyewe ni protini, yaani mnyororo wa asidi amino, 212 kwa idadi. Asidi amino ya 25 katika mnyororo huo, sisteini, hunasa kiungo kinachoshikanisha asidi amino za protini ya nyama na kukikata. Kisha molekuli ya maji huja kukiachilia kipande kilichonaswa, na kimeng'enya kikabaki kama kilivyokuwa, tayari kwa kiungo kingine. Kwa kuwa hakiishi kwa kutumika, kijiko kimoja kilitosha kuharibu kilo nzima usiku kucha.

Mafuta ya nyama ile, hata hivyo, hayakuguswa, kwani kimeng'enya hutambua aina ya kiungo na umbo lake. Amilesi ya mate huukata wanga wa ugali, lakini haiwezi selulosi ya maganda ya mahindi, ingawa vyote viwili ni minyororo ya glukosi tupu. Tofauti ni namna glukosi hizo zilivyounganishwa. (Kwangu mimi hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika somo hili.) Mafuta nayo hukatwa na kimeng'enya chake, lipesi, ambayo hufanya kazi pale tu maji na mafuta yanapokutana.

Ndani ya seli zetu, vimeng'enya vya makundi yote matatu, vya kukata protini, minyororo ya glukosi na mafuta, hukaa pamoja katika vifuko viitwavyo lisosomu, alivyovitambulisha Christian de Duve mwaka 1955. Humo mna kathepsini, vimeng'enya vya kukata protini, ambazo baadhi yake ni za ukoo mmoja na papaini ya mpapai. Seli haijili yenyewe kwa sababu kathepsini hutengenezwa zikiwa na kipande kinachoziba mahali pa kukatia, na kwa sababu nyingi kati ya hizo huhitaji utindikali wa pH 5 hivi, uliomo ndani ya kifuko, ilhali nje yake pH ni kama 7.2.

Mwaka 1932 daktari Mholanzi, Johannes Pompe, alieleza habari za mtoto mchanga aliyefariki moyo wake ukiwa umevimba na kujaa glikojeni, yaani minyororo ya glukosi ambayo mwili huiweka akiba. Mwaka 1963 Henri-Géry Hers alionyesha kwamba katika ugonjwa huo hukosekana kimeng'enya kimoja tu cha lisosomu, kile kinachovunja glikojeni. Kathepsini na lipesi zilikuwamo katika vifuko vilevile, zikiendelea na kazi zao, na hakuna hata moja iliyoweza kuigusa glikojeni hiyo.