Nilivyojifunza Kuitunza Njia Niliyozoea Kuipita Tu

Kwa miaka kadhaa niliitumia hifadhi ndogo iliyo karibu nami kama wengi wanavyoitumia: nilifika jua likiwa tayari kali, nikaizunguka njia yote kwa haraka, na kwenye kona za kupandia kilima nikakata moja kwa moja, kwa kuwa njia ya mkato ilikwisha kuwapo. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeichonga. Tuliichonga sisi wenyewe, kila mmoja kwa hatua zake chache.

Kiangazi kilichopita lilibandikwa getini tangazo la kuomba watu wa kujitolea kila Jumamosi, nami nikajiandikisha kwa sababu isiyo ya kujivunia: nilitaka kisingizio cha kuamka mapema. Tulianza saa 12:30 asubuhi, ili tuwe tumemaliza kazi nzito kabla ya saa 4. Nilidhani tutaokota takataka, lakini nilikabidhiwa sururu.

Mzee aliyetuongoza hakutoa hotuba. Alifungua chupa, akamwaga maji katikati ya njia, akasema, "Tazameni yanakokwenda." Maji yalibeba vumbi, yakasita kidogo kwenye jani kavu, kisha yakateremka kwa kuifuata njia yenyewe, yakiacha mchirizi mwembamba kwenye udongo. Mvua ikija, mchirizi huo huwa korongo dogo. Korongo hufichua mizizi na mawe, wapitaji hukanyaga pembeni ili kuyakwepa, nayo majani ya kandokando hufa, hata njia iliyowatosha watu wawili ikawa uwanja mtupu.

Dawa yake ni kuufanya uso wa njia uinamie upande wa bonde, kiasi cha sentimita 5 hivi kwa kila mita 1 ya upana, na kuliondoa lile tuta dogo linalojijenga ukingoni kutokana na kukanyagwa, ambalo huyafungia maji yasitoke. Pale ambapo hilo halitoshi, huchimbwa mfereji wa kuikata njia kwa mshazari. Mfereji wangu wa kwanza niliuchimba mwembamba na ulionyooka kabisa kutoka ukingo hadi ukingo, nikauona umependeza. Mzee akaujaribu kwa ndoo: maji yaligonga ukuta, yakapunguza mwendo, yakatua mchanga wote humo humo. "Mvua mbili tu, utakuwa umeziba," akasema, nami nikaurudia upya, safari hii ukiwa mpana kama beseni na umelala kwa nyuzi 45 hivi. Udongo wa kiangazi ni mgumu kama tofali, kwa hiyo kosa hilo lilinigharimu saa nzima na malengelenge mawili.

Zile njia za mkato tulizifunga kwa magogo na matawi, hasa mwanzo na mwisho wake, kwa sababu mtu haingii asipoona pa kuingilia. Kwa maoni yangu kazi hiyo inazidi bango lolote la kukataza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini njia halali huzungukazunguka: inashauriwa mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, vinginevyo maji huigeuza kuwa mkondo wao.

Tangu hapo hata matembezi yangu yamebadilika. Naondoka alfajiri, nabeba maji ya kutosha walau nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na nikikuta tope napita katikati yake, viatu vichafuke, badala ya kuipanua njia kwa kulizunguka. Maganda ya matunda, ambayo zamani niliyatupa vichakani nikijiambia kwamba yataoza, sasa narudi nayo, kwani huchukua muda mrefu kuliko tunavyodhani na huwazoesha wanyama kufuata chakula cha watu. Nikiona daraja limelegea napiga picha na kuwapelekea wasimamizi.

Kiangazi kilipokaribia kwisha ilinyesha mvua kubwa ya ghafla, nami, huku majirani wakinishangaa, nikachukua mwavuli na kwenda kuitazama mifereji yetu. Mitatu ya kwanza iliyapokea maji na kuyamwaga bondeni kwenye majani, lakini kwenye wa nne, ambao pia ni wangu, yalipita juu moja kwa moja. Nikaweka jiwe kubwa kando yake ili Jumamosi nisipate shida ya kuutafuta.