Bata bukini, tawi bapa na barua yangu ya kuacha kazi

Barua ya kuacha kazi niliiandika mwezi wa tatu, ikakaa kwenye kompyuta miezi mitano. Kila tukishafunga hesabu za mwezi naifungua, naisoma, nabadilisha neno moja, naifunga. Miaka 11 ni mhasibu na mi ninachotaka ni kufundisha hisabati, hilo nalijua toka zamani, ila kila nikijiuliza niache nisiache kichwa kinazunguka palepale mpaka kunakucha.

Ndo rafiki yangu akaniambia jaribu Yijing, ile wengi wanaandika I Ching. Ni kitabu cha ramli cha Wachina, kiini chake ni cha enzi za nasaba ya Zhou, karibu miaka 3000 iliyopita. Kina michoro 64, kila mchoro mistari sita, kila mstari ama mzima ama umekatika katikati, mbili kipeo cha sita ndo hiyo 64 (Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, alipotumiwa michoro hii na mmisionari Bouvet aliona humo hesabu yake ya 0 na 1, akaandika kuihusu mwaka 1703, na mi hapo nikawa nimeshanasa). Niseme wazi, siamini kwamba sarafu unazorusha kupata mchoro wako zinaijua kesho yangu. Ila mchoro wa 4, Meng, unasema ukiuliza mara ya kwanza unajibiwa, ukirudia ya pili na ya tatu ni usumbufu, hujibiwi. Nilivyosoma pale nikaweka kitabu chini, maana langu nilishaliuliza mara mia.

Kwa hiyo kabla sijagusa sarafu nilikaa na daftari kama saa nzima natafuta swali la kuuliza mara moja tu, na kiukweli hiyo saa imenisaidia sana. "Niache kazi?" nikafuta. "Nitafanikiwa?" nikafuta. Nikabaki na "Nikienda kufundisha, niende vipi?"

Zamani walitumia vijiti 50 vya mmea, kimoja kinawekwa pembeni wanagawa 49, siku hizi wengi ni sarafu tatu. Kichwa ni 3, upande wa pili ni 2, unarusha zote pamoja unajumlisha. 7 na 9 ni mstari mzima, 6 na 8 uliokatika, na 6 na 9 ndo inayogeuka kuwa kinyume chake inakupa mchoro wa pili. Unarusha mara sita, unachora kutoka chini kwenda juu. Nikapata 8, 8, 7, 6, 7, 7.

Huo ni wa 53, Jian, kwenda hatua kwa hatua. Mti juu ya mlima. Mistari yake inamfuata bata bukini toka ufukweni, kwenye mwamba, nchi kavu, kwenye mti, kilimani. Wangu uliogeuka ni wa nne: bata bukini amefika kwenye mti, huenda akapata tawi bapa, hakuna lawama. Sasa bata bukini hawezi kushika tawi kama kunguru, vidole vyake vina utando katikati, miguu ya maji ile. Mtini siyo kwake. Hajengi kiota pale, anatafuta tawi moja tu lililolala atue.

Siku tatu picha hiyo haikunitoka. Miezi yote nilikuwa nalinganisha mshahara wa mwalimu na huu wangu kama vile natakiwa niruke toka majini mpaka kileleni siku moja, wala sijawahi kujiuliza tawi langu ni lipi. Na lilikuwepo. Kila Jumamosi nawafundisha watoto wawili wa jirani sehemu na asilimia, na wiki ileile yule binti aliona mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba robo tatu na asilimia 75 ni kitu kimoja, akachukua ufutio akafuta ukurasa mzima aanze upya, vumbi la ufutio limejaa mezani na yeye anacheka.

Mstari wa nne ukigeuka, 53 inakuwa 33, Dun, kujiondoa. Mwanzo nilishtuka nikadhani naambiwa nikimbie. Kumbe Dun ni kuondoka kwa wakati wake ukiwa bado una nguvu, siyo kutoroka baada ya kushindwa, na mi mpango wangu wa siri ulikuwa niondoke siku nitakayogombana na bosi, hilo nilikuwa sijamwambia mtu.

Watu wanaorusha sarafu kila asubuhi siwaelewi, mi sijarusha tena. Barua ya zamani nimefuta, nikaandika nyingine ya kuomba siku nne kwa wiki, bosi akachukua wiki mbili kisha akakubali kwa mshahara uliopungua. Ijumaa hii ndo ya kwanza. Watoto wamefika watano, yule binti kaniletea daftari jipya nimwandikie jina lake juu.